Abu Zayd al-Balkhi: Mwanachuoni aliyeandika tiba ya hofu na huzuni

  

Ndugu wasomaji, wamo miongoni mwetu watu waliookoka katika vita, katika ajali za barabarani au mikononi mwa majambazi, na ambao miili yao imekwisha kupona lakini nyoyo zao bado. Mmoja hushtuka usiku akipiga makelele, kwa kuwa ndoto imemrudisha pale pale alipouona mauti. Mwingine akisikia tairi limepasuka hujitupa chini, akidhani ni risasi. Wa tatu hazipiti tena njia fulani, wala hapandi gari, wala hataki kulisikia jambo lenyewe likitajwa mbele yake. Miaka hupita, na hali ikabaki ile ile.

Jamaa na majirani huwa na maneno mawili juu ya mtu wa namna hii. Wako wasemao kuwa amekumbwa na jini, na wako wasemao kuwa imani yake ni haba, kwani Muislamu wa kweli hatakiwi kuogopa kitu ila Mola wake. Kwa maneno hayo mgonjwa huzidi kujificha, akaona haya kutaja yaliyomo moyoni mwake, na ugonjwa ukapata nafasi ya kukita mizizi.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema leo tukumbushane maisha ya mwanachuoni mmoja wa Kiislamu aliyelitazama jambo hili kwa jicho lingine zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Naye ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kuzaliwa na kutafuta elimu

Abu Zayd alizaliwa mwaka 235 Hijria, sawa na mwaka 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Khorasan. Leo Balkh imo kaskazini mwa Afghanistan. Zama zile ulikuwa mji wenye neema, wenye wafanyabiashara na wanazuoni, na misafara ya nchi za mashariki na magharibi ilipita hapo. Baba yake alikuwa mwalimu aliyetoka Sijistan, na Abu Zayd naye alianza maisha yake kwa kufundisha.

Alipokuwa kijana aliingiwa na shauku ya elimu ambayo mji wake haukuweza kuituliza. Akafunga safari ya Iraq, akaenda kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji. Alikaa huko miaka minane, akasoma kwa Abu Yusuf Yaaqub al-Kindi, mwanafalsafa mkubwa wa Waarabu, na akajifunza elimu ya dini, lugha, nyota, tiba na falsafa. Kisha akarejea kwao kwa njia ya Herat, na elimu yake ikaenea Balkh na miji mingine ya Khorasan.

Waliomweleza sura yake wanasema alikuwa mtu mkimya, mwenye haiba, na uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Hakupenda mikusanyiko ya watu wengi. Huenda ukimya huo ndio uliompa wasaa wa kuzichunguza nafsi za binadamu, kwani mtu asemaye kidogo husikia mengi.

Aliukataa uwaziri

Ahmad bin Sahl al-Marwazi alipoitawala Balkh, alimtaka Abu Zayd awe waziri wake. Abu Zayd hakuutaka uwaziri, akaridhia kazi ya ukatibu. Uwaziri ukachukuliwa na rafiki yake Abu al-Qasim al-Ka'bi, mwanachuoni wa elimu ya kalam. Wanahistoria wanasimulia kuwa waziri alipangiwa mshahara wa dirham 1,000 na katibu dirham 500. Al-Ka'bi akaamuru dirham 100 zitolewe katika fungu lake ziongezwe kwa Abu Zayd, ikawa huyu anapokea 900 na yule 600. Wakaishi hivyo kwa mapenzi mpaka utawala ule ulipoondoka.

Si wakubwa wote waliomtendea wema namna hiyo. Ibn al-Nadim ameeleza kuwa waziri al-Jayhani alikuwa akimpa Abu Zayd atia, kisha akamkatia baada ya mwanachuoni huyo kuandika kitabu juu ya kurubani na vichinjwa ambacho hakikumpendeza. Abu Zayd hakuacha kuandika. Aliacha makumi ya vitabu katika fani mbalimbali. Katika jiografia alichora ramani za nchi za Kiislamu na kuzieleza, na waliomfuata katika njia hiyo, kama al-Istakhri na Ibn Hawqal, walikuja kuitwa na wataalamu watu wa skuli ya al-Balkhi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Abu al-Hasan al-Amiri, mwanafalsafa aliyepata sifa kubwa katika karne ile.

Mto Jayhun

Kipo kisa kimoja katika maisha yake ambacho tungependa msomaji akizingatie. Al-Muqaddasi, mwanajiografia wa karne ya nne Hijria, amesimulia kuwa amiri wa Khorasan alimwita Abu Zayd aende kwake Bukhara. Njia ya Bukhara hupitia mto Jayhun, ambao leo huitwa Amu Darya. Abu Zayd alipofika ukingoni akauona upana wake na mawimbi yake, alisimama. Akamwandikia amiri kwamba ikiwa ameitwa kwa ajili ya rai yake njema, basi rai hiyo hiyo ndiyo inayomkataza kuuvuka mto huu. Amiri alipousoma waraka ule alicheka, akamruhusu arejee kwao.

Baadhi ya watu hukisoma kisa hiki kama mzaha wa mwanachuoni. Sisi tunaona kuwa kina funzo. Huyu ndiye mtu aliyeandika mlango mzima juu ya namna ya kuitibu hofu, naye hakudai kuwa moyo wake ni jiwe. Mtu huyo huyo aliyechora ramani za dunia ya Kiislamu alisimama mbele ya maji ya nchi yake mwenyewe akarudi nyuma. Elimu yake juu ya hofu haikuwa ya mtu anayewacheka waoga kutoka mbali. Aliijua hofu kuwa ni jambo linalompata kila mwanadamu, msomi na asiye msomi.

Kitabu cha maslahi ya miili na nafsi

Kitabu tunachokikusudia leo kinaitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza, yenye milango 14, inazungumzia afya ya mwili: makazi, maji, chakula, usingizi, kuoga, mazoezi na mengineyo. Ya pili, yenye milango minane, inazungumzia afya ya nafsi. Ndani yake ameyagawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne makubwa, nayo ni ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi unaomng'ang'ania mtu. Kila fungu akalipa mlango wake na tiba yake.

Hoja yake ya msingi ni hii. Mwanadamu ni mwili na nafsi, na viwili hivyo vimefungamana. Mwili ukiugua, nafsi hushindwa kufikiri sawasawa. Nafsi ikiugua, mwili hukosa ladha ya chakula na usingizi, na mwisho huweza kuugua nao. Akaongeza kuwa yuko mtu anayeweza kukaa muda mrefu bila kuumwa mwilini, lakini hakuna anayesalimika na maudhi ya nafsi, kwa kuwa hayo humjia mtu karibu kila siku. Pamoja na hayo, akasema, matabibu wa zama zake waliandika juu ya dawa na kuumika, wakaiacha nafsi kana kwamba haiwahusu.

Katika mlango wa huzuni alitenganisha mambo ambayo watu wengi mpaka leo huyachanganya. Ipo huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali. Na ipo huzuni inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi, na hiyo akaihesabu kuwa asili yake ni mwilini, katika damu, na kwamba mwili nao utibiwe. Elimu ya leo haikubaliani naye katika habari za damu. Lakini kule kutambua tu kwamba si kila huzuni ni ya namna moja, na kwamba nyingine si kosa la mwenye kuhuzunika, kulikuwa ni hatua kubwa.

Njia tatu alizozionesha

Katika tiba za al-Balkhi yapo mambo matatu tunayotaka kuyatilia mkazo.

La kwanza ni tiba ya fikra. Alieleza kuwa nafsi hutibiwa kutoka ndani kwa mawazo ambayo mtu huyakabilisha na yale yanayomtesa. Tena hakutaka mtu asubiri msiba ndipo aanze kuyatafuta. Kama vile mwenye busara huweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, ndivyo anavyopaswa kujiwekea fikra njema wakati wa utulivu, ili zimfae wakati wa dhoruba. Akatoa mfano wa mtu wa jangwani aliyepelekwa nchi ya baridi, akaona ukungu kwa mbali kwa mara ya kwanza. Alidhani ni kitu kigumu kisichopitika. Alipouingia akakuta ni hewa yenye unyevu tu, isiyotofautiana sana na ile aliyokuwa akiivuta. Mambo mengi tuyaogopayo, kwa mujibu wa al-Balkhi, ni ukungu wa namna hiyo.

La pili ni kuizoeza nafsi. Mtu anayeogopa kuona au kusikia jambo fulani, alimshauri alisogelee na kulirudia mpaka macho na masikio yake yalizoee, kwani kukimbia huilisha hofu nayo ikakua.

La tatu ni kutokuwa peke yake. Alisema nafsi hutibiwa pia kutoka nje, kwa maneno ya mtu mwingine mwenye hekima. Sababu yake ni kwamba rai ya mgonjwa imekwisha kuchanganyika na maumivu yake, hivyo nasaha ya mwenzake humwingia kuliko anayojipa mwenyewe. Kwa mwenye wasiwasi hasa, alikataza upweke na kukaa bila kazi.

Elimu ya leo na kiwewe

Al-Balkhi hakuandika juu ya maradhi ya kiwewe kwa jina hilo, wala haifai tumvishe maneno asiyoyasema. Maradhi ya msongo utokanao na kiwewe yaliingizwa rasmi katika orodha ya Chama cha Madaktari wa Maradhi ya Akili cha Marekani mwaka 1980, baada ya madaktari kuwashughulikia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam na watu waliodhulumiwa miili yao. Dalili zake ndizo zile tulizozitaja mwanzo: kumbukumbu na ndoto zinazorudi bila kuitwa, kukwepa kila kinachomkumbusha mtu tukio, fikra nzito juu ya nafsi yake na dunia, na mwili ulio macho wakati wote kama mlinzi asiyepokewa zamu.

Lakini mwenye kuzitazama tiba za leo hatakosa kuona jinsi zinavyofanana na alama alizoziweka mzee wa Balkh. Iko tiba ambayo mgonjwa husaidiwa kuzichunguza fikra zilizomganda tangu siku ya tukio, kama vile kudhani kuwa yeye ndiye mwenye kosa, au kwamba hakuna tena mtu wa kuaminika, kisha akazipima kwa ushahidi. Iko tiba ambayo mgonjwa, akiwa na mtaalamu, husimulia tukio kwa mpangilio mara kadhaa, na huanza kuyaendea hatua kwa hatua mambo aliyokuwa akiyakwepa ilhali hayana hatari. Iko pia ile ambayo mgonjwa hulikumbuka tukio huku akifuata kwa macho mkono wa mtaalamu unaokwenda huku na huku. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wenye maradhi haya tiba ya fikra na mwenendo inayohusu kiwewe, pamoja na hiyo ya kufuata kwa macho.

Asidhani mtu kuwa mambo haya ni ya nchi tajiri tu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, wataalamu waliwafundisha watu wa kawaida, wasio madaktari, namna ya kuwatibu wenzao. Mojawapo ya njia walizotumia ni tiba ya kusimulia maisha. Katika tiba hiyo mtu hulaza kamba chini iwe ndiyo umri wake, akaweka maua pale palipo na furaha na mawe pale palipo na mateso, kisha akasimulia toka mwanzo mpaka leo, ili lile jiwe lipate mahali pake katika maisha badala ya kuyafunika yote. Walishiriki wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionesha kuwa kati ya waliopata tiba hiyo, asilimia 70 hawakuwa tena na maradhi hayo, na kati ya waliopata ushauri nasaha wa kiwewe ni asilimia 65. Miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa asilimia 37.

Mashariki ya Kongo nako, katika vijiji 15, wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia walipewa msaada wa namna mbili. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, na wengine wakakutana katika vikundi vya tiba ya kuzichunguza fikra. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wahaka mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba na asilimia 42 kwa wale wengine, na kwa upande wa kiwewe hali ilikuwa ya kufanana na hiyo. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma wala kuandika, na tiba ilirekebishwa ili iwafae hivyo hivyo walivyo.

Hapa panahitaji tahadhari. Kumwendesha mtu kuelekea anachokiogopa ni kazi ya kipimo na taratibu, inayofanywa kwa ridhaa yake pamoja na mtu aliyefunzwa. Kumvuta mgonjwa kwa nguvu mpaka mahali alipojeruhiwa, au kumlazimisha asimulie mbele ya ukoo mzima, si tiba. Huko ni kumjeruhi mara ya pili.

Kuwafikia wa leo

Abu Zayd al-Balkhi alifariki mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934 Miladia. Kitabu chake hakikupata bahati ya vitabu vya Ibn Sina, kikakaa karne nyingi bila kusomwa na wengi. Nakala yake ya mkono ilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul. Mwaka 1984 Profesa Fuat Sezgin aliitoa kwa picha mjini Frankfurt. Kisha Profesa Malik Badri, mwanasaikolojia wa Kisudani aliyetumia umri wake kuwahimiza Waislamu wasiipokee elimu ya nafsi kwa upofu wala kuikataa kwa ujinga, akaifasiri kwa Kiingereza sehemu ya nafsi, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 2013. Profesa Badri naye alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tunajifunza nini basi? Tunajifunza kuwa wazee wetu katika elimu hawakuihesabu hofu ya mtu aliyejeruhiwa kuwa ni aibu wala upungufu wa imani. Sisi sote tunajua kisa cha Nabii Yaaqub (A.S.), aliyemlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna athubutuye kusema kuwa imani ya Mtume huyo ilikuwa haba. Tunajua pia kuwa Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa, akatueleza kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Dua na kisomo vina nafasi yake tukufu, wala havimzuii mtu kumwendea mtaalamu, kama visivyomzuia aliyevunjika mguu kwenda kwa mganga wa mifupa.

Basi maimamu wetu wanapoletewa mtu asiyelala usiku kwa aliyoyaona, na wazazi wanapomwona mtoto wao hashiki tena njia ya skuli baada ya ajali, wasiharakishe kumhukumu. Wamsikilize, wasimwache peke yake, na wamfikishe kwa anayejua. Huo ndio wasia unaopatikana katika kitabu cha mtu aliyesimama kwenye ukingo wa Jayhun akakiri kuwa hawezi kuvuka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zayd al-Balkhi na kila aliyehifadhi elimu yake, na awaponye wote waliojeruhiwa nyoyo, wanaojulikana na wanaojificha. Amin.